Maji Yakishapungua

Gari la zamani lililozama linaweza kupona, na mara nyingi hupona vizuri kuliko gari jipya lililolala nalo katika maji yaleyale. Jambo hili ni gumu kuaminika mbele ya Land Rover iliyotoka ziwani ikiwa na tope hadi kwenye usukani, na ndiyo maana magari mengi hukatiwa tamaa mapema kuliko inavyostahili. Hoja ya sura hii ni kwamba maji yenyewe hufanya sehemu ndogo tu ya uharibifu. Sehemu kubwa hufanyika baada ya maji kupungua, katika siku tatu au nne za kwanza. Inafanywa na hewa, na tope linalokauka, na zaidi ya vyote inafanywa na mtu mwenye wasiwasi anayetaka kujua kama injini bado inawaka. Mwenye gari akilielewa hilo atajua pia kwamba vitu vinavyohitajika kuliokoa vinapatikana karibu kila mahali penye fundi, pipa la mafuta ya taa na maji safi.

Ufukwe wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Puta na Chienge, una mafuriko ya namna yake, na ni lazima tuyaelewe kabla ya kugusa spana. Mto Luapula hauingii ziwani moja kwa moja kutoka milimani. Unatoka kwenye mabwawa na mbuga za Bangweulu, kisha unapita katika mabwawa mengine kabla ya kufika Mweru, na mabwawa hayo huyashika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Kwa hiyo mvua zinaweza kukoma mwezi wa Aprili na ziwa likaendelea kupanda; kwa kawaida linafikia kilele chake karibu na Mei, na kuwa chini kabisa karibu na Januari. Maji hayo hayaji kwa kishindo. Yanapanda siku kwa siku, yanaingia uani, yanafika kwenye magurudumu, na yakishafika yanaweza kukaa majuma mengi kabla ya kurudi na kutokea Pweto kwa njia ya Mto Luvua. Linganisha na bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako mvua ya usiku mmoja inatosha kuufanya mto upande na kushuka, na ambako karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imefurika zaidi ya mara moja. Maji ya Msimbazi yana haraka na yana kila uchafu wa mji. Maji ya Mweru ni baridi, hayana chumvi ya bahari, yana tope laini la mto, na yanatoa onyo. Mtu wa Jangwani anaamka na kukuta gari limeshazama, ilhali wa Nchelenge ana siku kadhaa za kuamua.

Kwanza tuangalie kutu inavyofanya kazi, maana hapo ndipo imani nyingi zinapopotoka. Chuma hakishiki kutu kwa sababu ya maji peke yake. Kinahitaji maji na oksijeni kwa pamoja, na kwenye maji yaliyotulia, hasa penye kina na tope, oksijeni ni kidogo. Kipande cha chuma kilichozama kabisa kinaliwa polepole. Kikitolewa, kikaachwa na unyevu wake kwenye hewa yenye joto, kinapata vyote viwili kwa wingi, na rangi ya chungwa inaanza kuonekana kabla jua halijazama. Ndiyo kusema gari lililoko chini ya maji lina nafuu ya muda, na nafuu hiyo inakoma pale linapovutwa nchi kavu.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Ziwa Tanganyika, nao ni mkubwa kuliko gari lolote. Meli ya Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma mbele ya Wabelgiji, mafundi wa meli ile waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha walifanya kazi ya ufundi ambayo kila mwenye gari ufukweni angefaa kuijua: waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa kutumika. Ikatengenezwa, na mwezi Mei 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba, ikaendelea kubeba watu na mizigo kwa miongo mingi, ikifika hadi Mpulungu upande wa Zambia. Karibu miaka minane ziwani, na mitambo ikafanya kazi tena. Grisi ilifanya kitu kimoja tu, nacho ni kuzuia maji na oksijeni visikutane kwenye uso wa chuma.

Upande wa pili wa ushahidi ni Bugatti Type 22 ya mwaka 1925, iliyotupwa Ziwa Maggiore, mpakani mwa Uswisi na Italia, katika miaka ya 1930, na kuinuliwa Julai 2009 kutoka kina cha zaidi ya mita 50. Hiyo haikupakwa chochote. Ilikaa zaidi ya miaka 70, na wataalamu waliona kwamba karibu sehemu ya tano tu ya vipande vyake ingeweza kutumika. Hata hivyo ilinunuliwa kwa mnada Paris mwaka 2010 kwa zaidi ya euro 260,000, na makumbusho ya Mullin huko California yakaionyesha jinsi ilivyotoka majini. Nikiziweka hizi mbili pamoja naona jambo moja: muda wa kukaa majini una uzito, lakini maandalizi yana uzito zaidi. Meli iliyoandaliwa ilirudi kazini, na gari lililotupwa likawa kitu cha kutazamwa.

Kwa hiyo mwenye Land Rover ya zamani karibu na Mweru, akiona maji yanapanda na hana pa kulipeleka gari, au limekufa na halivutiki, anaweza kuwaiga mafundi wa Goetzen. Atoe betri, dainamo, stata, kabureta, viti na kila kinachofunguka kwa spana mbili, avipeleke juu. Ajaze oili giaboksi na difu zote mbili hadi zifurike, mpaka kusiwe na nafasi ya hewa ndani. Oili ya zamani iliyochujwa inatosha, maana haiendi kuendesha kitu. Amimine oili kwenye kila silinda kupitia tundu la plagi, azungushe injini kwa hendeli mara chache ili oili ipake kuta, kisha arudishe plagi na kuzikaza. Azibe mdomo wa kuingizia hewa na bomba la moshi kwa matambara yaliyolowa grisi. Beringi za magurudumu zijazwe grisi hadi itokeze. Kazi hiyo ni ya siku moja kwa watu wawili, na gharama yake haifiki bei ya kubadilisha beringi moja ya giaboksi iliyokufa.

Tuseme sasa hakuna aliyeandaa. Maji yalikuja, yakakaa, yameondoka, na gari limesimama uani na mstari wa tope kwenye milango. Hapo ndipo mwenye gari hupandwa na hamu ya kuingiza ufunguo. Hamu hiyo imeua injini nyingi. Hewa inaweza kubanwa; katika injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuwa kwenye Land Rover nyingi za miaka ya 1960 na 1970, pistoni huibana hewa hadi karibu sehemu moja ya saba au ya nane ya nafasi yake, na katika ile ya dizeli hadi sehemu moja ya 23. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda na kukuta maji juu yake, kitu lazima kikubali kupinda, na kinachopinda ni konrodi. Injini ya dizeli iko katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni finyu sana, kiasi kidogo tu cha maji kinatosha kuijaza. Hata kama hakuna maji ndani ya silinda, kuna tope kwenye oili, na mzunguko wa kwanza wa injini hulipeleka tope hilo kwenye kila beringi.

Wapo watakaosema kwamba injini ikiwaka itajikausha kwa joto lake, na kwamba kila fundi mzee ana gari alilolikausha hivyo. Sipingi kwamba imewahi kutokea. Lakini injini iliyowaka baada ya mafuriko haithibitishi kwamba imepona, maana beringi iliyokwaruzwa na mchanga haitapiga kelele siku hiyo. Itapiga kelele baada ya miezi, njiani kuelekea Mansa, na hapo hakuna atakayekumbuka mafuriko. Pia wapo watakaosema kwamba Land Rover imezoea mito, kwa hiyo maji si kitu kwake. Kuvuka mto na kulala majini ni mambo mawili tofauti. Mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki yanatuonyesha kwamba hata kuvuka si salama: mwaka 1963 yalianza magari 84, na mwaka 1968 yakaanza 93, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho, kwa sababu ya mvua na matope. Na difu iliyopata moto barabarani, ikiingia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochoka. Gari linalovuka mto kila siku huenda linakunywa maji kidogo kila siku.

Kinachotakiwa kwanza ni kuondoa betri, kama ilikuwa bado ndani. Umeme ukiendelea kupita katika waya zenye unyevu hula shaba na vichwa vya waya haraka kuliko kutu ya kawaida inavyoweza. Kwenye magari ya zamani kuna jambo la kuangalia kwa makini: Land Rover zilizotengenezwa kabla ya karibu mwaka 1967 ziliunganishwa bodi kwenye upande chanya wa betri, kinyume cha magari ya leo. Anayerudisha betri baada ya ukarabati kwa mazoea ya leo ataunguza alichokisafisha.

Kisha gari lioshwe. Hapa pingamizi huwa kali, maana linaonekana jambo la kipuuzi kumwagia maji gari lililotoka kuzama. Lakini adui aliyebaki ni tope. Tope la Luapula ni laini, huingia penye upana wa unyuzi, na likikauka hugeuka kama saruji inayoshika unyevu kwa miezi. Likiwa bichi, yaani bado limelowa, linatoka kwa ndoo za maji safi. Likikauka litahitaji patasi. Kwa hiyo gari lisianikwe kabla ya kuoshwa. Limwagiwe maji ya kisima au ya bomba mpaka yanayotoka chini yawe meupe, ndani ya milango, chini ya sakafu, nyuma ya taa. Wale walio Mombasa, Unguja au Tanga, ambako maji ya mafuriko huchanganyika na ya bahari, wana sababu ya ziada, kwa kuwa chumvi iliyobaki huvuta unyevu kutoka hewani kila usiku, na chuma hakikauki kamwe.

Mahali panaposahaulika kuliko pote ni ndani ya chasisi. Chasisi ya Land Rover ni boksi la chuma lililo tupu ndani, lenye matundu madogo ya kutolea maji chini. Maji ya mafuriko huingia na tope lake, tope hutua, matundu huziba, na boksi linabaki na maji ambayo hakuna anayeyaona. Mwaka mmoja au miwili baadaye chasisi hutoboka kutoka ndani kwenda nje, na mwenyewe husema ni uzee. Chukua waya mgumu, uzibue kila tundu, ingiza mpira wa maji upande mmoja na usubiri maji yatoke upande wa pili. Likishakauka kabisa, nyunyiza ndani mchanganyiko wa oili na grisi iliyoyeyushwa. Bodi ya aloi ya alumini, ambayo Waingereza walianza kuitumia mwaka 1948 kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, haishiki kutu kama chuma, na watu hudhani kwa hiyo iko salama. Si kweli pale inapogusana na chuma. Penye unyevu, alumini na chuma vikigusana alumini ndiyo inayoliwa, na inageuka unga mweupe kuzunguka ribiti na boliti. Sehemu hizo zifunguliwe, zikaushwe, na kati yake kuwekwe rangi au kipande chembamba cha mpira.

Injini ije baada ya hapo, na ije kwa hendeli. Toa plagi zote, mimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye kila silinda, acha usiku kucha, kisha zungusha kwa mkono polepole. Maji yatarushwa nje kupitia matundu ya plagi. Injini ikikataa kuzunguka usiilazimishe. Ringi zimeshikana na silinda, na mafuta ya taa yanahitaji siku zaidi. Hendeli ina faida ambayo stata haina: mkono unahisi kizuizi na unaweza kuacha. Oili imwagwe kabla ya mzunguko huo wa kwanza, na kwa namna moja tu sahihi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo gari likikaa bila kutikiswa maji hutua chini. Legeza boliti ya kumwagia kidogo kidogo, uweke chupa ya kioo chini yake, utaona maji yakitoka kwanza, halafu utepe mchafu, halafu oili. Ukiona chai ya maziwa badala yake, ujue kuna mtu alishaizungusha injini na kuyachanganya. Weka oili ya bei nafuu, zungusha kwa hendeli, mwaga tena, na urudie mpaka chupa ionyeshe oili safi. Vivyo hivyo kwa giaboksi, na kwa difu ya mbele na ya nyuma, ambazo mafundi wengi huziacha kwa sababu hazionekani kulalamika. Tangi la mafuta nalo lifunguliwe chini, maana maji yamelala chini ya petroli na ndiyo yatakayofika kwanza kwenye kabureta.

Pingamizi zito zaidi halihusu ufundi. Kampuni za bima kwa kawaida huhesabu gari lililozama kuwa limekwisha, na waundaji wenyewe wamewahi kufanya hivyo: baada ya mafuriko ya Thailand mwaka 2011 Honda iliharibu kwa makusudi magari mapya 1,055 yaliyokuwa yamezama kwenye kiwanda chake cha Ayutthaya. Kama Honda haikuyaamini magari yake mapya, kwa nini mtu wa Kashikishi aliamini gari la mwaka 1965? Jibu ni kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa magari yale. Gari la mwaka 2011 lina kompyuta, vihisio na mikoba ya usalama inayofyatuka, vyote vikiunganishwa kwa mamia ya waya, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba kiungio kimoja kilichoingia maji hakitaleta ajali baada ya miaka mitano. Land Rover ya mwaka 1965 ina waya ambazo mtu anaweza kuzihesabu na kuzibadilisha zote. Kila kipande chake kinafunguka, kinaonekana, kinapimwa kwa jicho na kwa mkono. Anayetumia hukumu ya gari jipya kwa gari la zamani anahukumu kitu kingine. Kuhusu thamani, mwenye gari la aina hii akiweza kukata bima, akubaliane na kampuni thamani ya gari kwa maandishi kabla ya maafa. Jedwali la uchakavu litaliandikia karibu sifuri.

Na kuna swali la haki: watu wanapoteza nyumba, mashamba na chakula, nani ana haki ya kuzungumzia gari? Ninalichukua swali hili kwa uzito wote. Mafuriko ya Kenya ya Machi hadi Mei 2024 yaliua watu karibu 300, na maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimita 60 tu yanaweza kuliinua na kulibeba gari pamoja na aliyemo. Hakuna gari linalostahili mtu kuingia majini usiku kulifuata, na Mweru ina mamba na viboko pia. Lakini yote niliyoyaeleza hufanyika maji yakiwa bado hayajafika au yameshaondoka. Na katika ufukwe huu gari la zamani linalotembea linabeba samaki, linapeleka mjamzito hospitali, linafika kijijini ambako gari dogo la mitumba halifiki. Spea za Copperbelt hufuatwa kwa kuvuka Luapula kwenye daraja la Chembe na kupita ardhi ya Kongo. Gari lililookolewa kwa mafuta ya taa na subira linabaki kuwa mali ya kijiji kizima wakati ambapo kijiji kinaihitaji zaidi.

Kitu cha mwisho kushughulikiwa ndicho kinachoweza kuua, nacho ni breki. Oili ya breki hunywa maji kwa asili yake, na iliyokunywa huchemka mapema, mtu akakanyaga na mguu ukazama bila gari kusimama. Imwagwe yote, mabomba yasafishwe kwa spiriti, mipira ya silinda za magurudumu ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Dramu zifunguliwe zote nne, kwa kuwa vibao vya ndani vilivyovimba kwa maji hushikana na dramu au huachia vipande. Gari lisitoke uani kabla breki hazijajaribiwa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Dramu na difu zifunguliwe tena baada ya mwezi mmoja wa kazi, maana tope lililojificha kwenye sili huchukua muda huo kutoka na kuingia kwenye grisi mpya.